Mlango Uliozibwa na Mahindi

Chanji, jioni, kesho unaondoka

Oresta mwanangu,

Sikuulizi hujambo, maana nimekuona sasa hivi ukitoka na kanga yangu begani kwenda kunyolewa, umenuna kama vile mimi ndiye niliyetunga sheria ya shule. Nywele zitaota. Nimebaki na tranka lako katikati ya chumba, nimelikalia kwa sababu viti vyote vina nguo zako, na nimechana karatasi za katikati kwenye daftari lako la zamani. Usinikasirikie kwa hilo pia.

Mambo ya sabuni, ya kufua shuka Jumamosi, ya kutoazimisha ndoo, hayamo humu. Hayo nimekuimbia tangu matokeo yatoke, mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Naandika lile ambalo nikilisema kwa mdomo nalia, na wewe ukiniona nalia unatoka nje kuchota maji hata kama ndoo zimejaa. Mwandiko wangu unaujua. Ni wa darasa la saba la mtu aliyekuwa akibakizwa shambani kufukuza ndege wakati wenzake wako darasani. Soma polepole.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini sili mahindi ya kuchoma. Mji mzima wa Sumbawanga unatafuna mahindi barabarani, mimi nageuza uso. Nilikuwa nakujibu kwamba yananiuma meno. Meno yangu ni mazima, mama. Leo nakujibu vizuri.

Nyumba ya Bibi yako, mama yake baba yako, ilikuwa huku huku Chanji, upande wa bondeni. Ilikuwa nyumba nzuri ya tofali za kuchoma na bati, korido ikipita katikati, mlango wa mbele na mlango wa nyuma, madirisha yote yamechomelewa nondo kwa ajili ya wezi. Niliingia pale sijafikisha hata umri wa kupiga kura, wewe ukiwa tumboni, na nikafurahi kuolewa kwenye nyumba yenye nondo. Niliona nimepata ulinzi.

Unajua mahindi yanavyoishi kwetu. Kuyauza wakati wa mavuno ni kuyatupa, kwa hiyo yanasubiri bei ipande, na kwa kuwa hatuna ghala yanasubiri mle mle tunamolala. Kwa Bibi yalianzia ukutani kwenye korido, gunia juu ya gunia, yakaendelea mpaka yakakutana na mlango wa nyuma, yakaupanda huo nao mpaka juu. Na kwa jinsi Ufipa yetu ilivyo, mahindi yanapoingia ndani ndipo na baridi inapoingia. Ile baridi ya Juni na Julai ambayo ukitema mate unadhani yatalia chini kama kokoto. Basi jiko la mkaa nalo linatolewa jikoni kule nje, linaletwa koridoni lipashe nyumba. Chakula na moto vinaingia kwa mlango mmoja, msimu mmoja, na watu wanalala katikati yake wamejifunika blanketi wanamshukuru Mungu kwa mavuno.

Babu yako chumba chake kilikuwa mwisho kabisa, jirani na mlango wa nyuma. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekataa kazi tangu alipoanguka kwenye lori la mahindi, na choo kilikuwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo mlango ule ulikuwa wake. Asubuhi alitoka kwa mlango ule, jioni akarudi kwa mlango ule, anaburuza mguu na kuimba vinyimbo vya Kifipa ambavyo maneno yake Bibi alikuwa anakukataza kuyashika. Magunia yakishapangwa, Babu alikuwa anawekewa ndoo chumbani. Hakulalamika hata siku moja. Alikuwa anakuita Mchumba. Ukimletea maji ya kunawa anakwambia, "Mchumba, tukioana bibi yako tutampeleka wapi?" Nawe unajibu, "Atalala kwa kuku." Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa mdogo.

Mwaka ule tulipokuwa tunapanga magunia, mimi nilikuwa nimeshika pembe moja na shangazi yako pembe nyingine. Tulipofika mlangoni nikasema, "Mama, tuache nafasi hapa. Jiko likimwagika, Baba atapita wapi?"

Bibi yako akaacha kufagia. "Wewe mtoto, umeota nini?"

"Sijaota, Mama. Nasema tu."

"Mambo hayo hayasemwi tu. Anayeyasema anayaita. Kwenu huwa mnayaita?"

Shangazi yako akacheka, akasema, "Mwache, labda mwenzetu ana miadi nayo."

Tukacheka wote. Hata mimi nilicheka, mwanangu, kwa sababu mkwe akicheka unacheka. Nikanyanyua pembe yangu ya gunia nikaliweka pale pale lilipotakiwa.

Unajua mji wetu unavyosemwa huko mikoani. Mtu akisikia unatoka Sumbawanga anaanza kukutania habari za radi na ungo. Tunacheka nao, lakini sisi wenyewe tunaogopa zaidi yao. Kwetu mtu akitaja baya kabla halijaja, na baya likaja, hasemwi kwamba aliona mbali. Anaulizwa alijuaje. Kwa hiyo watu wazima wenye akili zao wanapita pembeni ya jiko linalotoa cheche karibu na gunia la salfeti, plastiki tupu, wanaona, wananyamaza. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Nilikuwa sijalielewa hilo nikiwa na miaka ile. Nilidhani nikinyamaza na kufanya kimya kimya nitakuwa salama.

Basi nikafanya kimya kimya. Nilifunga furushi: kadi yako ya kliniki, gauni zako mbili, sweta, kitenge, nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu na kulifunika kwa koti la baba yako. Na nikakufundisha mchezo wa kipofu. Kipofu unakikumbuka, hicho hujakisahau. Nafunga macho yako kwa kitambaa, nakuzungusha, nakwambia nitafute nilipo, kisha naenda kusimama nje ya mlango wa mbele na kukuita kwa sauti ndogo. Mwanzoni ulikuwa unajigonga kwenye kabati na kulia. Baadaye ukawa unainama, mkono mmoja ukutani, unakuja moja kwa moja mpaka unanishika goti. Nilikuwa nakupa kipande cha muwa. Kwako ulikuwa mchezo wa muwa.

Babu yako alikuwa akituona kutoka kwenye kiti chake. Siku moja akasema, "Mchumba, na mimi nifundishe huo mchezo. Nimechoka kukaa kama gunia."

Ukakimbia na kitambaa. Ulikuwa umeshamfunga macho, umemshika mkono, anainuka anacheka, anasema usinipeleke kwa kuku. Nami nikasema, "Oresta, mwache Babu, mguu unamuuma."

Mguu haukuwa unamuuma siku hiyo. Nilimsikia Bibi anakohoa uani, nikaogopa ataingia aulize mchezo huu ni wa nini. Babu akavua kitambaa mwenyewe, akakurudishia, akasema, "Mama yako anakuonea wivu, Mchumba." Akakaa.

Watu wanadhani ninachojutia ni lile gunia. Gunia lingewekwa hata bila mkono wangu. Ninachojutia ni kitambaa.

Ilikuwa jioni kama hii, watu wanasonga ugali. Bibi na shangazi yako walikuwa wamekwenda kusali jumuiya, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yako alikuwa safarini na lori. Jiko lilikuwa koridoni kwa ajili ya Babu. Namna lilivyomwagika sijui, na wote wanaosema wanajua wanadanganya, maana hapakuwa na mtu pale. Nilichosikia ni mlio kama wa mvua kubwa, kumbe ni salfeti inayeyuka na kudondoka ikiwaka. Nilipofungua mlango wa chumba moshi uliingia kama mtu aliyekuwa ameegemea. Sikukuona. Niliita jina lako, na wewe ukanijibu kutoka nje. Nje, mwanangu! Ulikuwa umeshatoka. Ulikuwa umefika kwenye ngazi za mbele, umekaa, unasubiri muwa.

Mkono wangu ulichukua furushi bila kuniuliza.

Nilisimama mlangoni nikaita, "Baba! Njoo mbele!"

"Mama Oresta, sioni!"

"Shika ukuta! Njoo kwa sauti yangu!"

"Mlango uko wapi?"

Alikuwa anajua mlango uko wapi, ila ni ule aliouzoea. Mguu wake haukuwahi kwenda mbele gizani. Nilijaribu kuingia, mara moja nikafika kwenye kabati, moto ukanirudisha, hilo kovu la mkononi ambalo huwa nakwambia ni la maandazi ndilo hilo. Nikatoka nikapiga yowe. Nikapiga yowe mpaka sauti ikakatika. Na unajua nilisikia nini? Nilisikia makomeo. Nyumba ya huku, ka. Nyumba ya kule, ka. Ni msimu wa mahindi, mwanamke anapiga kelele, basi ni majambazi, funga mlango. Walitoka bati lilipoanza kulia na anga kuwa jekundu, na hapo kila mtu alikuja na mikono mitupu akiuliza maji yako wapi. Bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi. Hakuna nyumba iliyokuwa na ndoo iliyojaa.

Waliovunja mlango wa nyuma kwa nje walimkuta pale pale. Gunia moja alikuwa ameshalivuta likashuka. Lilikuwa limepasuka, mahindi yameiva, na mtaa mzima ulikuwa unanukia mahindi ya kuchoma, harufu nzuri kabisa, harufu ya kumfanya mtu asikie njaa.

Basi. Ndiyo sababu ya meno.

Matangani sikuulizwa kama nimeungua. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wengine, mkono umefungwa kitambaa, wewe umelala mapajani, furushi liko pembeni yangu kwa sababu sikuwa na kitu kingine duniani. Shangazi yako alilitazama lile furushi muda mrefu. Kisha akasema, wala hakunong'ona, "Nyumba imeungua hata kijiko hakikutoka. Mwenzetu katoka na kadi ya kliniki."

Mwanamke mmoja akasema, "Na sweta."

"Na sweta," shangazi yako akasema. "Na alitutangazia tangu mwezi wa sita. Aliuliza kabisa Baba atapita wapi."

Mkeka mzima ukasogea mbali nami, mwanangu. Hakuna aliyeinuka, walisogea tu, kila mmoja kidogo, mpaka nikabaki na nafasi kubwa kama mgeni wa heshima.

Baba yako aliporudi walimpokea na hadithi hiyo kabla hajashuka garini. Usiku huo aliniuliza swali moja. "Furushi ulilifunga lini?"

Nikamwambia ukweli. "Tangu magunia yalipoingia."

Nilidhani ataona mke mwenye akili. Alinyamaza. Nimekaa na ukimya ule miaka yote hii na bado sijui angesema nini kama angesema. Baada ya arobaini alishuka ziwani, Kasanga, biashara ya samaki, migebuka. Alituma salamu mara chache, kisha salamu zikaota mke na watoto huko huko. Simchongei kwako. Ni baba yako, na siku ukitaka kwenda kumwona nauli nitatafuta. Lakini nisikufiche, sijamsamehe. Nilikuwa nikiambiwa kwenye maungamo nijaribu, nami nikajaribu, na ninapofika kwenye lile swali lake naona nimerudi mwanzo. Bibi yako nilikutana naye sokoni mwaka juzi, nikampigia magoti katikati ya watu nikamwamkia shikamoo. Alinunua dagaa wake akaondoka.

Baba yako alipoondoka ndipo tulipohamia hapa, chumba hiki, uani kwa watu. Mimi nikiwa napepeta mahindi ya matajiri kwenye maghala, kazi ya vumbi, wewe ukiwa unaniambia nanuka kama kuku. Nikaapa kwamba sitataja tena moto mbele za watu. Ningejiokoa mimi na wewe, wengine shauri yao.

Aliyenitoa kwenye kiapo hicho ni Mama Kulwa. Unamjua alivyo, alikuja na ng'ombe zao kutoka Usukumani, mumewe akabaki porini na mifugo, yeye akapanga hapa watoto wasome. Wiki ile ile ya kwanza alisikia mtu anapiga kelele upande wa barabarani, akatoka na rungu la mumewe, peke yake, akasimama katikati ya uwanja gizani anageuka huku na huku. Kumbe ni mlevi. Akarudi amekasirika, akagonga milango yote.

"Ninyi Wafipa ni watu gani? Mtu anapiga yowe mnafunga komeo? Kwetu yowe likilia, aliyebaki ndani kesho anaulizwa alikuwa anafanya nini!"

Mzee mwenye nyumba akamjibu kutoka dirishani, "Hapa ukitoka ndiyo unaulizwa."

"Basi mtaungua mkiwa na heshima zenu!" akasema Mama Kulwa. "Ninyi simba akikaa kwenye kochi mtamkaribisha chai, mradi asitajwe jina."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia, na yeye akakaa chini na mimi, nikamweleza yote haya ninayokueleza. Hakuniuliza nilijuaje. Aliuliza, "Na hapa, huo mlango wa nyuma uko wapi?"

Yaliyofuata uliyaona, na ninajua yalikuuma. Tulizunguka nyumba kwa nyumba, mimi na yeye. Tuliomba kila chumba kiache ndoo moja imejaa wakati maji yanatoka, isiguswe. Tuliomba magunia yasiende mlangoni. Tuliomba tukubaliane yowe la namna moja, sufuria na mwiko, mapigo matatu matatu, ili mtu asiseme alidhani ni majambazi. Tuliuliza nani ana mgonjwa, nani ana mzee, nani atambeba nani. Nilisimama hata jumuiya nikasema. Wakaniita Mama Zimamoto. Mama Frida wa chumba cha pembeni ndiye aliyelishona hilo jina. Kila asubuhi bombani: "Mama Zimamoto, leo tunaungua saa ngapi? Nataka kujua kama nianike godoro."

Nilikuwa nacheka naye. Sikukuona ulivyokuwa unainamisha kichwa juu ya ndoo. Wewe ulikuwa na umri wa kuona haya na mimi nilikuwa nimesahau kwamba kuna umri huo. Shuleni wakawa wanakuuliza kama mama yako ana king'ora. Siku ile uliporudi umechaniwa kola ya shati ulisema umeanguka. Sikukuuliza zaidi. Hapo pia nilikosea. Nilijifunza kusema na mtaa mzima na sikusema na wewe.

Hata hivyo, nataka ukumbuke siku ya pazia. Ulikuwepo. Jiko la nani lililomwagika? La Mama Frida. Nani alipiga sufuria wa kwanza? Mama Frida, anapiga tatu tatu kama alivyofundishwa, analia na kuhesabu kwa sauti. Na kila mlango ulifunguka, Oresta. Hakuna komeo lililolia. Mama Kulwa alitoka na bibi wa chumba cha mwisho mgongoni, na bibi mwenyewe anagomba kwamba kanga inamvuka. Ndoo zikapita mikononi. Likaungua pazia na mguu wa meza. Watu walipokuwa bado wanahema Mama Frida akafuta machozi akasema, "Nilikuwa nawajaribu tu kama mtatoka."

Kesho yake bombani hakusema asante. Alisema, "Mama Zimamoto, za kuamka." Jina ni lile lile. Mwaka huu nimeona magunia yake ameyapanga upande wa pili, mbali na mlango, na hakuna aliyemwambia. Ndiyo malipo yangu yote, na usiku nikilala nayahesabu kuwa mengi.

Sasa jana. Nilikuwa nakupangia tranka, nikatia filimbi na ile tochi ndogo kati ya sketi. Ukazitoa. Hukuzitupa, uliziweka mezani taratibu, ukazipanga sawasawa, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mama, naomba kitu. Keshokutwa tukifika usimwulize matroni habari za mlango."

"Mlango gani?"

"Unajua mlango gani. Usiulize bweni linafungwa na nani, funguo inakaa wapi, madirisha yana nondo. Usiulize."

"Oresta..."

"Kule Kaengesa hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani. Nataka niwe Oresta tu, Mama. Mwaka mmoja tu niwe Oresta."

Nilikujibu vibaya. Nilikwambia nenda ukawe Oresta wa majivu. Maneno yale nayafuta. Hayakuwa yako. Yalikuwa ya shangazi yako na ya ule mkeka, wewe ulikuwa karibu tu.

Umerudi. Umeingia sasa hivi, umepita bila kusema, kichwa kinang'aa, masikio yametokeza kama ulivyokuwa siku ya kliniki ya kwanza. Nimetaka kukishika hicho kichwa nikaona utanuna. Umejitupa kitandani nyuma ya pazia umegeukia ukutani. Nami nimefunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi anayeibia.

Nimeamua hivi. Kesho nitakushusha getini, nitamwamkia matroni, nitamkabidhi karatasi zako, nitanyamaza. Itanichoma lakini nitanyamaza. Nilidhani mama mzuri ni yule anayeuliza hata kama mtoto anaona haya, na bado nadhani hivyo, ila hilo bweni utalala wewe, na miaka ya kuuliza kwa niaba yako imeisha. Filimbi na tochi nimezitundika kwenye msumari wa mlangoni. Utazipita asubuhi ukitoka. Ukizichukua sawa. Ukiziacha nitazitumia hapa.

Umeme umekatika.

Naandika kwa mwanga wa simu sasa, nimeushusha chini usiuone. Nikuambie kilichotokea dakika hii. Umeme ulipokatika chumba kikawa cheusi kabisa, tranka liko katikati, viti vimehamishwa, ndoo mpya iko njiani, hakuna kitu kilicho mahali pake. Nikasikia kitanda kinalia. Ukainuka. Nikataka kusema angalia ndoo, nikanyamaza. Ukapita pembeni yangu, nikasikia pumzi yako iko chini, umeinama, na kiganja kimoja kinaburuzika ukutani. Hukugonga tranka. Hukugusa ndoo. Ulikwenda moja kwa moja ukafungua mlango, ukatoka uani kama mtu anayeona. Nimebaki hapa nimeziba mdomo.

Hukujua kama nakusikiliza. Wala hukujua kama ulikuwa unacheza.

Kwa hiyo mimi nimetulia, mwanangu. Uwe Oresta tu, uwe Oresta wa nani unayetaka, miguu yako haitaona haya. Usiku wowote, bweni lolote, utafika mlangoni na kukaa kwenye ngazi. Hilo nilishalifanya, na sikuwa na elimu yoyote ila muwa.

Lakini utakapokuwa umekaa kwenye ngazi utageuka nyuma. Nami najua kilicho nyuma. Kwenye kitanda cha jirani yako kutakuwa na msichana kutoka Laela au Matai au ziwani huko, hajawahi kulala kwenye nyumba ndefu, ataita na kuuliza mlango uko wapi. Usije ukabeba sauti kama ninayoibeba mimi. Mimi nilimfundisha mmoja nikamficha mwingine kwa kuogopa kikohozi cha mtu.

Sikuombi umwulize matroni. Sikuombi useme moto. Siku ya Jumapili mkiwa mmechoka, mchana kweupe, watu wote wakiwaona, chukua kitambaa umfunge mmoja macho. Mzungushe. Wewe nenda ukasimame nje ya mlango, umwite kwa sauti ndogo. Wakiuliza ni mchezo gani huo, waambie ni wa kwetu, Babu yangu alikuwa anaupenda.

Na akitokea mwenye mguu mbovu akasema na mimi nifundishe, mwanangu, mpe kitambaa.

Nasikia unarudi.

Mama yako